Mrithi wa Pampu ni Pampu

Wanangu na wajukuu zangu wa Junda,

Maneno haya ni ya Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu kwa heshima ile ile, maana mitungi yetu imekaa foleni moja miaka yote hii.

Ijumaa iliyopita mlinikusanyikia uwanjani, mkanivisha leso mpya, mkakata keki, nami nikakabidhi funguo za chumba cha pampu, muhuri wa kikundi na madaftari manne. Nashukuru, wanangu. Lakini usiku ule sikupata usingizi. Hotuba zilikuwa nyingi, jua likatuchwea, na neno nililolitayarisha sikulisema. Ndipo nikamwita mjukuu wangu, nikamwambia chukua kalamu, mimi niseme nawe uandike, kwa kuwa macho yangu hayaioni tena mistari.

Nyumba yangu haina haja ya barua. Mirathi ina utaratibu wake na kila mmoja analijua fungu lake. Ninachousia hapa ni kitu kisicho changu wala cha mmoja wenu: kisima, pampu, tangi na mnara wake, mifereji sita ya kuchotea, mtaro wa maji machafu, vyoo viwili vya uwanjani na ile taa ya nguzoni. Hivyo navyo vina warithi. Mrithi wa pampu ni pampu nyingine. Mrithi wa mnara ni mnara mwingine. Na mrithi huyo yapasa aanze kuwekewa chake siku ile ile mkubwa wake anapozinduliwa. Mkikosa hivyo, siku mkubwa akifa mtakuta nyumba haina mtu.

Nianze na mnara, kwa sababu ndio utakaowadai mwanzo.

Sisi tunakaa ukingoni mwa hori la Tudor. Upepo unaotoka huko hupita kwenye mikoko, na ukitufikia umebeba chumvi. Chuma cha hapa hakizeeki kama cha bara. Mnara wetu una miguu minne ya chuma cha pembe, imezamishwa kwenye saruji. Mpita njia huona rangi tu, akasema mzima. Lakini chuma hakiozi pale juu panapoonekana. Huozea pale kinapoingia kwenye saruji, upana wa vidole vitatu, ambapo maji ya mitungi hutuama. Kutu huanzia chini ya rangi. Rangi huvimba kama ngozi iliyoungua, na ukiibofya kwa kidole gumba hupasuka, ukamwagika unga mwekundu.

Fundi mmoja wa kuchomelea alinifundisha kugonga. Unachukua nyundo ndogo, unagonga mguu kuanzia usawa wa kifua, unashuka polepole hadi chini. Chuma kizima hulia, na mlio wake huusikia mpaka kwenye mkono ulioshika nyundo. Kilichooza hakilii; hutoa sauti kama ya mtu anayepiga gunia la mchanga. Nimefanya hivyo kila mwaka, mwezi wa Machi, kabla mvua za mwaka hazijaanza. Watoto walikuwa wakinifuata wakidhani nacheza ngoma.

Mwaka mmoja tuliahirisha rangi. Makopo mawili ya rangi ya kuzuia kutu na kibarua cha siku mbili yalionekana gharama isiyo ya lazima, kwa kuwa mnara ulikuwa umesimama na maji yanatoka. Miaka mitatu baadaye tulikata kipande cha mguu mmoja na kuchomelea kingine. Ilibidi tangi lishushwe. Mtaa ulikaa siku tisa bila maji, na tulicholipa kilizidi mara kumi ile rangi tuliyoionea uchungu.

Mtaniambia, nyanya, hili tunalijua, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kweli. Lakini hebu litazameni vizuri neno hilo la wazee. Linamfunza mtu kuziba, na watu wengi huishia hapo. Mimi nawaongezea lililonichukua miaka mingi kulielewa: hata ukiziba kila ufa, kuna siku ukuta utajengwa upya. Kuziba huisogeza tu mbele siku ile. Kwa hivyo mtaa unahitaji fedha za aina mbili, na msizichanganye. Kuna fedha za kutengeneza, hizi hutoka kila mwezi: wosha ya mfereji, gundi ya bomba, rangi, mkono wa fundi. Na kuna fedha za mrithi, ambazo hukaa kimya miaka mitano, kumi, kumi na tano, zikingoja siku yake. Hizi za pili ndizo ngumu. Kila mtu hupita akaziona zimelala, akadhani hazina kazi.

Nakumbuka siku kisima hiki kilipofunguliwa. Palipigwa mahema, utepe ukakatwa, wageni wakanywa maji ya mfereji mbele ya kamera. Kila mtu alisema maneno mazuri, na hakuna hata mmoja, mimi nikiwemo, aliyeuliza pampu ile ina umri gani wa kuishi na itakayofuata itatoka wapi. Tulipewa kitu kizima tukakipokea kama kwamba kingedumu milele.

Sasa niwaambie la Ramadhani, kwa sababu wengi wenu mlikuwa watoto na wengine hamjazaliwa.

Tulikuwa tumeshaanza kuweka akiba. Kulikuwa na shilingi 54,000 benki. Usiku mmoja wazazi wawili walinigongea mlango, mtoto wao amelazwa, anahitaji kupasuliwa, na hawana kitu. Tuliitana watu wa kamati, tukakaa barazani kwangu, na kabla ya alfajiri tukakubaliana. Sahihi ya kwanza ilikuwa yangu. Tuliita mkopo, lakini kila mmoja wetu alijua moyoni kwamba watu wale hawangeweza kulipa, na hawakulipa, wala hatukuwadai.

Miezi saba baadaye, kumi la mwisho la Ramadhani, pampu ilikufa. Iliunguruma mara mbili, ikanyamaza. Tukaipandisha, fundi akaifungua, akatikisa kichwa. Na akiba haikuwepo. Ilituchukua wiki tano kuchanga pampu nyingine, na katika wiki hizo maji ya mkokoteni yalipanda bei kila siku. Mwenye uwezo alinunua mitungi kumi, akafunga mlango. Mwenye mtoto mchanga na mume asiye na kazi alinunua mmoja, akautumia kwa kufuturu, kwa udhu na kwa kuosha nepi. Wengine walirudi kwenye visima vifupi vilivyo karibu na mashimo ya vyoo, mnajua wenyewe udongo wetu ulivyo, na watoto wakaharisha. Nilipita kwenye vichochoro nikiinamisha kichwa. Hakuna aliyenilaumu, na hilo ndilo liliuma zaidi.

Yule mtoto aliishi. Ni kijana mrefu sasa, na sitamtaja. Mkiniuliza kama najuta kumsaidia, nasema hapana, wala sitajuta mpaka naingia kaburini. Ninachojutia ni kwamba tulikuwa na kasha moja tu. Mgonjwa alikuwa na haki yake na pampu ilikuwa na haki yake, nasi tukamlipa mmoja kwa fedha za mwingine. Ndipo tukaanzisha lile kasha la msiba ambalo nyinyi mmelikuta, la shilingi 20 kwa nyumba kwa wiki. Mtu akija na shida ya hospitali, ya mazishi, ya karo, pelekeni mkono huko, na mkiweza ongezeni hilo. Fedha za mrithi ziacheni zilale.

Baada ya mkasa huo nilikwenda kwa mwalimu aliyenisomesha madrasa, Mungu amrehemu, nikamweleza. Aliniambia jambo ambalo nilikuwa nikilisikia tangu utotoni bila kulitia maanani. Mtu akiweka duka wakfu kwa ajili ya msikiti, kodi ya duka lile kwanza hulitengeneza duka lenyewe. Kikibaki ndipo hununuliwa mikeka na kulipwa bili ya maji ya udhu. Msimamizi akianza na mikeka huku paa la duka linavuja, amedhani anautumikia msikiti kumbe anauvunja. Wazee wetu wa Mvita, Malindi na Lamu waliyajua haya tangu zamani, na ndiyo sababu kuna wakfu zilizoishi kuliko waliozianzisha kwa vizazi na vizazi. Nilitoka kwake nikiwa nimepata kanuni: senti ya kwanza ya mtungi ni ya mfereji.

Basi hesabu yake ni hii. Bei nitakazotaja ni za mfano, mkaulize dukani wenyewe na mziandike upya kila mwaka, kwa sababu hazikai. Tuseme pampu ni shilingi 80,000 na huishi miaka 5: kila mwaka inadai 16,000. Mnara ni 150,000 kwa miaka 15: unadai 10,000. Tangi ni 90,000 kwa miaka 12: 7,500. Mabomba na mifereji 24,000 kwa miaka 6: 4,000. Jumla ni 37,500 kwa mwaka, yaani 3,125 kwa mwezi. Kama tunauza mitungi 150 kwa siku, hiyo ni mitungi 4,500 kwa mwezi. Gawanyeni. Mrithi wa vyote hivi anataka senti 70 tu katika kila mtungi. Mkiweka shilingi nzima, kila mwezi mnabakiwa na 1,375 za wosha, rangi na fundi.

Shilingi moja, wanangu. Niliposoma hesabu hii mara ya kwanza mbele ya mkutano, mama mmoja alisimama akasema, ina maana tulikaa wiki tano bila maji kwa sababu ya shilingi moja? Sikuwa na la kumjibu.

Msidhani ni jambo geni. Wengi wenu mnaendesha bodaboda. Kila lita ya petroli mnayotia, shilingi 25 ndani yake ni tozo ya kutengeneza barabara. Ilikuwa 18 hadi Julai 2024. Sheria ya tozo hiyo ni ya mwaka 1993. Kama barabara zinatengenezwa vizuri au la, hilo tutalizungumza siku nyingine na ninayo ya kusema. Lakini wazo lenyewe ni sahihi: anayetumia anaweka kidogo kidogo pale pale anapotumia, asingoje shimo lifunguke ndipo apitishe bakuli.

Mimi nimevuka daraja la Nyali la zamani kwa miguu yangu. Lilielea juu ya maboya ya chuma, bahari ikijaa linapanda, ikipwa linashuka, na magari yakilipa ushuru kuvuka. Lilifunguliwa mwaka 1931 na likatumika mpaka hili la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980. Miaka 49. Utotoni mwangu lilikuwa kama kitu cha kuumbwa na Mungu, sikufikiri kwamba lina siku ya kufa. Lakini kuna watu walifikiri, na mrithi wake alikuwa tayari kabla lenyewe halijazama na watu. Tazameni sasa bomba la Mzima, linaloleta maji kutoka Tsavo, kilomita 220 hivi. Lilijengwa miaka ya 1950. Mji umekua mara ngapi tangu hapo? Bomba la pili limezungumzwa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na hadi leo halijatufikia. Kisima chetu kipo kwa sababu mrithi wa Mzima hakuwekewa chake. Mnapobeba mtungi, mnabeba deni la watu wengine. Naomba msiwabebeshe wajukuu wenu deni kama hilo.

Kuna maneno mtayasikia, hasa kutoka kwa wenye akili nyingi. Mtaambiwa, kwa nini tujenge imara na ardhi si yetu? Ni kweli kwamba hapa Kisauni nyumba nyingi zimesimama juu ya ardhi ya mtu mwingine, umiliki wa nyumba bila ardhi, na hofu ya kuondolewa haiishi. Nimeishi nayo hofu hiyo. Lakini kiu haingoji hati. Ila msiache mambo yawe ya maneno matupu kama tulivyofanya sisi. Kiwanja cha kisima tulipewa kwa mdomo na mzee ambaye sasa ni marehemu, na watoto wake ni watu wema. Wajukuu wake siwajui. Wafuateni watoto wale wakiwa hai, muandikiane mbele ya mashahidi na wakili. Na cheti cha kikundi kihuishwe kwa ile Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022, ili kikundi kisimame chenyewe, kisitegemee jina la mtu.

Vivyo hivyo fedha. Zisilale kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mcha Mungu namna gani. Mtangulizi wangu alikuwa mwaminifu kuliko mimi. Alilala Jumanne hakuamka, na nambari yake ya siri akaondoka nayo. Tuliwasumbua wafiwa miezi mizima kwa fedha za maji wakiwa bado ndani ya msiba. Ziwe benki, sahihi tatu, mmoja wao awe mwanamke anayechota maji kila siku, maana huyo ndiye wa kwanza kujua mfereji umeanza kuvuja. Na kila mwisho wa mwezi karatasi ibandikwe ukutani: kilichoingia, kilichotoka, kilicholala kwa ajili ya mrithi. Mali bila daftari huisha bila habari. Nimeona watu wanaoaminiana tangu madrasa wakikosana kwa sababu tu hakukuwa na karatasi.

La kaunti nitalisema kwa ufupi. Kisauni ina wadi saba na kila moja inalilia kitu kipya. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini makadirio hupelekwa kwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na mpango wa maendeleo wa mwaka huwa umeshatangulia, kabla ya tarehe 1 Septemba. Mkienda kudai mwezi wa Juni, mmefika shughulini vyungu vimeshaoshwa. Nendeni kwenye vikao vya maoni mapema, na mkifika ombeni jambo ambalo watu hawaliombi: mtaro uliopo uzibuliwe kila mwaka kabla ya mvua, taa zilizopo zitiwe balbu, vyoo vilivyopo vinyonywe. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na viongozi hupenda kuyatafsiri maendeleo kuwa jiwe jipya la msingi. Waulizeni kwa adabu, mbele za watu, waandike majibu: hiki mnachotujengea, nani atakitengeneza, kwa fungu gani, na kitakapokufa nani atakizika? Taa yetu ya nguzoni iliwaka miaka miwili tu kwa sababu swali hilo halikuulizwa. Imesimama pale mpaka leo, na kunguru wameifanya kiota.

Mtachoka. Kazi hii haina sherehe. Hakuna anayekupigia vigelegele kwa kubadilisha wosha. Lakini nataka niwaonyeshe kitu kimoja nilichokifanya nilipokuwa mgeni kwenye kazi. Mfereji wa tatu ulikuwa ukitona, tone moja, unahesabu moja, mbili, tone jingine. Watu walisema huo si uvujaji. Baada ya swala ya isha niliweka bakuli chini yake nikaenda kulala. Nilipotoka kwa alfajiri, bakuli lilikuwa limejaa na maji yanamwagika pembeni. Tangu siku hiyo sikuweza tena kupita mbele ya kitu kinachotona nikaendelea na safari yangu, hata nyumbani kwa watu. Natamani kila mmoja wenu ajaribu usiku mmoja.

Daftari la nne, ukurasa wa mwisho, nimeandikisha kila kitu kilinunuliwa lini, kwa bei gani, na kinatarajiwa kuishi mpaka lini. Pampu iliyoko kisimani sasa ina miaka minne. Akiba yake ni shilingi 61,000, na kwa bei niliyoulizia mwezi uliopita haitoshi, kwa hivyo mna mwaka mmoja wa kuijaza na msingoje mwezi wa mwisho. Tangi bado lina siku nyingi. Mtaro unataka kuzibuliwa kwenye kona ya duka la mkaa, pale unapopinda.

Na mnara. Niliugonga kabla ya kukabidhi, nimeshikwa mkono huku na huku. Miguu mitatu ililia. Mguu wa upande wa hori, kiganja kimoja kutoka chini, haukulia vizuri. Mwiteni fundi kabla ya mvua. Nyundo iko nyuma ya mlango wa chumba cha pampu, nimeifunga kitambaa chekundu mpinini ili msiichanganye na nyingine.

Nyanya yenu,
Junda